Nani Anyamaze Kwenye Grupu Letu?

Somo: Matendo ya Mitume 6:1-7. Tusome pia Hesabu 11:24-29, Yeremia 36 na Mathayo 18:15-17.



Jumapili ijayo baada ya ibada tutabaki ukumbini, tunywe chai, kisha tuamue jambo moja: grupu letu la WhatsApp liendeshwe vipi. Wengi mnajua kilichotokea. Mshirika mmoja aliuliza pesa za mfuko wa misiba zilizobaki ziko wapi. Ujumbe wake ukafutwa. Wengine wakauliza kwa nini umefutwa. Wakajibiwa kwa swali: "Nani amewatuma?" Kufika usiku wa manane mazungumzo yalikuwa yameshaacha pesa, yameingia kwenye makabila na nchi tulizotoka, na likaandikwa neno ambalo hatutalirudia hapa. Neno hilo lilikaa pale hadi asubuhi. Familia mbili zikalefti.

Sasa kuna mapendekezo mawili. La kwanza ni kufunga grupu, waandike maadmini peke yao, liwe la matangazo tu. La pili ni kuliacha wazi kabisa, kila mtu aandike anachotaka bila kufutiwa, kwa kuwa hii ni Marekani na kila mtu ana uhuru wa kusema. Wanaotaka la kwanza wamechoka na ugomvi. Wanaotaka la pili wamechoka kunyamazishwa. Wote wana sababu. Lakini tukiangalia vizuri yaliyotokea, tutaona kwamba kilichofutwa ni swali, na kilichoachwa usiku kucha ni tusi. Hapo ndipo penye ugonjwa, na hakuna pendekezo kati ya haya mawili linaloutibu.

Kanisa la kwanza na manung'uniko ya wageni

Twende Yerusalemu. Kanisa lilikuwa changa na lilikuwa linakua. Ndani yake walikuwemo Waebrania, wenyeji waliosema lugha ya nyumbani, na walikuwemo Wayahudi waliosema Kiyunani, watu ambao ukoo wao uliishi ugenini miaka mingi. Luka anatuambia kwamba hawa wa Kiyunani walinung'unika, kwa sababu wajane wao walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku.

Tuangalie uzito wa manung'uniko hayo. Ni jambo la pesa na chakula. Ni jambo la lugha na asili. Na yanawagusa viongozi wenyewe, kwa kuwa mgao ulikuwa chini ya mitume. Kama kungekuwa na grupu Yerusalemu, ujumbe huo ungefutwa mapema sana. Angetokea mtu wa kusema: msiwavunjie heshima watumishi wa Mungu, mnaleta mgawanyiko, nani amewatuma?

Mitume hawakusema hivyo. Hawakumtafuta aliyeanza kusema. Waliita mkutano mzima, wakaliweka jambo mezani, wakakiri kwamba hawawezi kulihudumia Neno na meza kwa pamoja, na wakawaambia watu wachague wenyewe saba wenye sifa njema. Sasa soma majina ya waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Kazi ya kusimamia meza ilikabidhiwa watu wenye majina ya wale waliokuwa wakilalamika. Na Luka anamalizia kwa kusema Neno la Mungu likaenea na idadi ya wanafunzi ikaongezeka sana. Lalamiko lililosikilizwa halikulibomoa kanisa. Lililikuza.

Kishawishi cha kiongozi

Wapendwa, kufuta ni rahisi. Ni kugusa kidole tu. Ndiyo maana Maandiko yanatuonya sisi tulio viongozi.

Katika Hesabu 11, Roho alipowashukia wazee sabini, watu wawili, Eldadi na Medadi, walikuwa wamebaki kambini, nao wakatabiri huko huko. Kijana akakimbia kwenda kumwambia Musa. Yoshua, msaidizi wake mwaminifu, akataka wakatazwe. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anailinda heshima ya mzee wake. Musa akamuuliza kama anaona wivu kwa ajili yake, akatamani watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Kila kiongozi ana Yoshua wake, mtu anayempenda mpaka anataka wengine wanyamaze. Kiongozi mwenye hekima humtuliza Yoshua wake.

Katika Yeremia 36 tunamwona kiongozi wa namna nyingine. Mfalme Yehoyakimu ameketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi, moto unawaka mbele yake. Anasomewa gombo la maneno ya Yeremia. Kila zinaposomwa kurasa tatu au nne, anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Nini kikafuata? Baruku akaandika gombo jingine, na maneno yakaongezwa. Ndivyo ilivyo hata leo. Swali la pesa likifutwa kwenye grupu, linahamia kwenye simu za usiku, kwenye maegesho ya magari, kwenye grupu la pembeni ambalo mchungaji hayumo. Na huko linakua, linaongezewa chumvi, mpaka mia inakuwa elfu. Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Tena tujihadhari na lile swali, "Nani amewatuma?" Ndugu zetu wa Tanzania wanaijua habari ya JamiiForums, uwanja wa majadiliano ulioanza mwaka 2006, ambapo watu wengi waliandika bila kutaja majina yao, wakiwemo waliofichua ufisadi. Desemba 2016 mwanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa Dar es Salaam na kufikishwa mahakamani, na moja ya mambo aliyoshtakiwa, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ni kukataa kuwapa polisi taarifa za wanachama wake. Kesi zilimchukua miaka. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu uwanja ule na kelele zake. Lakini somo ni hili: mahali ambapo swali la kwanza ni nani kasema, badala ya kama ni kweli, watu wenye habari za maana hunyamaza, na waongo huendelea kusema.

Lakini si kila neno liachwe

Sasa tugeuke upande wa pili, kwa sababu wengi wetu hatuhitaji kufundishwa kwamba maneno yanaua. Katika ibada zetu wanakaa benchi moja watu waliotoka Congo, Rwanda, Burundi, Kenya na Tanzania. Baadhi yetu tulizaliwa au kukulia kambini. Tunajua tulifikaje kule.

Redio RTLM ilianza kutangaza Rwanda mwezi Julai 1993. Ilipendwa kwa muziki na mizaha. Baadaye watu wakaitwa mende. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, redio hiyo ilitangaza hata majina ya watu na mahali walipo, ili wauaji wawafikie. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa ikikaa Arusha, iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, wawili wao waanzilishi wa redio ile. Kenya nayo, baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, ilitunga mwaka 2008 Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, inayokataza matamshi ya chuki.

Kwa hiyo mtu akiandika kwenye grupu letu neno linalomfanya jirani yake aonekane mdudu, nyoka au mgeni wa damu, asituambie ni utani. Yakobo anasema katika sura ya tatu ya waraka wake kwamba ulimi ni moto mdogo unaochoma msitu mkubwa, na kwamba haifai kinywa kimoja kimbariki Mungu na kuwalaani watu walioumbwa kwa mfano wake. Neno la namna hiyo liondolewe saa ile ile, hata kama aliyeandika ni mzee wa kanisa, hata kama ndiye anayetoa zaka kubwa kuliko sote.

Tofauti yake na swali la pesa ni hii. Swali linagusa jambo. Tusi linagusa utu. Swali linaweza kumkera kiongozi, lakini halimwondolei mtu nafasi yake mezani pa Bwana. Tusi la kabila linamwambia mtu asikae mezani kabisa. Ulinzi wa grupu uwepo ili watu wasiumizwe. Usiwepo ili viongozi wasiulizwe.

Tunavyofanya wodini

Sisi tunaofanya kazi hospitalini tunaishi na mambo haya mawili kila zamu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi kwa ajili ya upasuaji. Kabla ya kisu kushika ngozi, timu nzima inasimama na kusema kwa sauti: mgonjwa ni nani, tunafanya nini, upande gani wa mwili. Kila aliyemo anatakiwa aseme akiona kosa, na muuguzi wa ngazi ya chini anaweza kumsimamisha daktari bingwa. Kwa wengi wetu tuliolelewa kutomjibu mkubwa, hilo lilitugharimu kujifunza. Lakini kunyamaza kwa heshima kunaweza kumfanya mgonjwa akatwe mguu usio wenyewe.

Wodi hiyo hiyo inatukataza kutaja habari za mgonjwa ndani ya lifti. Hatuoni kupingana hapo. Tuko huru kusema juu ya hatari, na tumefungwa kusema juu ya siri ya mtu. Vyote viwili vinamlinda mgonjwa mmoja.

Tukilibeba hilo hadi kwenye grupu, kuna mambo matatu tunayoyaona mara kwa mara.

Kwanza, maombi. Tunaandika, "Tumwombee dada fulani, amegunduliwa ugonjwa fulani, amelazwa chumba fulani." Nia ni njema. Lakini je, dada ameruhusu? Mume wake anajua? Mwajiri wake hana rafiki humo ndani? Sheria za siri zinazotubana kazini haziwabani washirika kwenye simu zao, ila upendo unatubana. Mungu anamjua mgonjwa hata tukiandika tu, "Tumwombee mwenzetu mmoja anayepita kwenye ugonjwa." Na habari za makaratasi ya uhamiaji ndizo za kuogopa zaidi. Kesi ya hifadhi ya ndugu yako isiandikwe kwenye grupu la watu mia, hata kwa kuomba maombi.

Pili, ushauri wa dawa. Ujumbe unazunguka ukisema maji ya majani fulani yanaponya kisukari, achana na sindano. Mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini, asidi inaweza kujaa kwenye damu yake ndani ya siku moja au mbili na kumuua. Ujumbe kama huo hauhitaji mjadala wa wiki nzima. Uondolewe, na aliyeuleta aelezwe sababu kwa upole, maana huenda aliutuma kwa huruma. WhatsApp wenyewe walilazimika kuweka kikomo. Mwaka 2018, baada ya uvumi uliosababisha watu kuuawa na makundi India, walianza kupunguza huko idadi ya mahali unapoweza kusambaza ujumbe kwa mara moja, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukawekewa kikomo cha sehemu moja tu kwa wakati. Hawakumkataza mtu kusema. Walimpa nafasi ya kupumua kabla ya kubonyeza.

Tatu, orodha za michango. Kuweka majina ya ambao hawajachanga ili waone aibu si uwazi. Uwazi ni kuonyesha kilichoingia na kilichotoka. Mama anayefanya zamu mbili ili atume pesa nyumbani asianikwe kama nguo kwenye kamba.

Katiba inasema nini

Vijana wetu wanatuambia, na wanasema kwa adabu, kwamba kufuta ujumbe ni kuvunja Katiba. Tuwajibu kwa adabu pia, na kwa ukweli. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yaliyothibitishwa mwaka 1791, yanaizuia serikali isinyamazishe watu. Hayalifungi kanisa, wala familia, wala kampuni. Na kifungu cha 230 cha sheria ya mwaka 1996 kinampa mwenye uwanja wa mtandao kinga: kwa kawaida hahesabiwi kuwa ndiye msemaji wa yale wanayoandika wengine, na anaweza kuondoa kwa nia njema yale anayoona hayafai.

Kwa hiyo kisheria admini anaweza kufuta. Lakini wazee nao wasishangilie mapema. Mambo mengi yanaruhusiwa na sheria, ila hayajengi. Kwamba tunaweza kumfutia mtu swali lake bila kushtakiwa hakutufanyi tuwe wenye haki mbele za Mungu. Vijana hawa wamekulia shule ambazo mtoto husifiwa kwa kuuliza. Wakiona nyumba ya Mungu ndiyo mahali pekee wasipoweza kuuliza, hawatabishana nasi. Wataondoka kimya kimya, na benchi zitatuambia.

Tunachopendekeza

Tunaleta mbele ya mkutano wa Jumapili mapendekezo haya, ili yajadiliwe na kurekebishwa na wote.

1. Grupu libaki wazi kwa kila mshirika kuandika. Kuwe na grupu la pili la matangazo tu, ili taarifa ya msiba isizame ndani ya salamu za asubuhi.

2. Kanuni ziandikwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ambacho bibi na mjukuu wanakielewa, na zisomwe kanisani. Mtu asihukumiwe kwa kanuni asiyowahi kuiona.

3. Yanayoondolewa mara moja ni haya: tusi la kabila, nchi au ukoo, vitisho, siri ya ugonjwa, ndoa au uhamiaji wa mtu mwingine, ushauri wa kuacha dawa, picha za aibu, na uongo uliothibitishwa.

4. Swali kuhusu pesa, uongozi au maamuzi ya kanisa lisifutwe. Mweka hazina ajibu ndani ya siku saba, kwenye grupu au mkutanoni. Kama jibu linahitaji muda, aseme linahitaji muda. Asiyeridhika na kiongozi aulize jambo, asitukane mtu.

5. Ujumbe ukiondolewa, aliyeuandika apigiwe simu siku hiyo hiyo, aambiwe ni kanuni ipi. Huu ndio mpango wa Mathayo 18: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha na mmoja au wawili, kisha kanisa. Kumtoa mtu kwenye grupu kuwe hatua ya mwisho kabisa.

6. Maadmini wawe watano, kutoka jamii mbalimbali, wakiwemo akina mama na angalau kijana mmoja. Ujumbe unaomhusu admini asiuguse yeye mwenyewe. Hakuna hakimu wa kesi yake. Na wabadilishwe kila mwaka.

7. Aliyefutiwa anaweza kukata rufaa kwa wazee, nao wamsikilize kabla ya kuamua. Methali 18:17 inatukumbusha kwamba anayesema kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje na kumhoji.

Kwa maadmini wetu wa sasa tunasema asante. Mmebeba kazi hii bila malipo, mkiamshwa na simu mkiwa mmetoka zamu ya usiku. Mlinzi mwema wa mlango anajua sauti za watu wa nyumba, hata zile zinazogombana. Anamzuia mwenye kisu, na kumpisha mwenye swali.

Kwa familia mbili zilizotoka tunasema nafasi zenu zipo. Tutakuja nyumbani kwenu wiki hii, si kuwashawishi, bali kusikiliza. Na kwa aliyeuliza kuhusu mfuko wa misiba: hesabu yote, kilichoingia na kilichotoka, itasomwa Jumapili kabla ya jambo lingine lolote.

Tuombe

Bwana, weka mlinzi kwenye vinywa vyetu na kwenye vidole vyetu. Wape wenye swali ujasiri wa kuuliza bila kutukana. Wape viongozi wetu utulivu wa kusikiliza bila kuogopa. Ponya majeraha ya wale waliowahi kuitwa majina yasiyo yao, na uwafanye watoto wetu wasiyajue majina hayo. Utufundishe kuheshimu siri ya mgonjwa na haki ya mjane. Katika jina la Yesu. Amina.

Tukutane Jumapili baada ya ibada. Watoto watakuwa na mwalimu wao chumba cha chini, ili akina mama wote wapate nafasi ya kukaa mkutanoni na kusema. Mungu awabariki.